Tundu Ukutani: Historia ya Kujifunza Nuru kwa Mikono

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Februari 1980, jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilianza safari yake katika bahari ya Atlantiki, kikakata Angola na Zaire, kikapita Tanzania na kusini ya Kenya, kisha kikavuka Bahari ya Hindi hadi Bara Hindi. Kijiji chetu kilikuwa nje ya njia ya giza kamili, lakini huko nako sehemu kubwa ya jua ilifichwa. Wazee walitufungia watoto ndani, wakaziba madirisha kwa mikeka na khanga, ili tusije tukalitazama jua na kuharibikiwa macho. Hawakukosea. Jua halitazamwi kwa macho matupu, na siku ya kupatwa huvuta macho zaidi kuliko siku nyingine.

Hata hivyo bati la nyumba yetu lilikuwa na tundu la msumari. Kila siku karibu na adhuhuri tundu hilo liliangusha sakafuni duara dogo la mwangaza, nasi tulizoea kulichezea kwa kulikinga kwa viganja. Siku ile duara halikuwa duara. Lilikuwa hilali, mfano wa mwezi mwandamo, inayong'aa juu ya udongo. Na kadiri tulivyoitazama ndivyo ilivyozidi kukonda, kisha ikaanza kunenepa tena mpaka ikarudia umbo la kawaida. Tundu lilikuwa la mviringo tangu asubuhi, wala halikubadilika. Ni kitu gani, basi, kilichobadilika?

Jumatatu nilimpelekea mwalimu swali hilo. Alinijibu kwamba jambo lile halimo katika somo la wiki ile, akaniamuru nikae. Simlaumu, naye alifundishwa kwa kukariri, na mtu hutoa alichopewa. Miaka michache baadaye, nikiwa sekondari, niliandika katika mtihani kwamba nuru husafiri katika mstari mnyofu, nikapata alama zote. Haikunijia hata mara moja kwamba sentensi ile ndiyo iliyokuwa jawabu la hilali ya sakafuni. Nilikuwa na swali bila jawabu, kisha nikapewa jawabu bila swali, na hapakuwa na mtu wa kuvikutanisha viwili hivyo.

Insha hii yakusudia kuvikutanisha. Yaeleza kwa ufupi jinsi wanadamu walivyoijua nuru, na kuonyesha kwamba maarifa hayo, tangu Basra hadi Calcutta, yalipatikana kwa mikono na vyombo vidogo kabla hayajaandikwa vitabuni. Kisha yauliza jambo linalotuhusu sisi: kwa nini mtoto wa taifa letu ayapokee maarifa hayo kwa masikio tu, ilhali tundu, kioo, bakuli la maji na jua havikosekani katika kijiji chochote?

Nyumba yenye giza

Watu wa kale walibishana sana juu ya kuona. Baadhi ya Wayunani, akiwamo Euclid, walifanya hesabu zao kana kwamba macho ndiyo yatoayo miali, ikakigusa kitu kama fimbo ya kipofu inavyoigusa njia. Wengine walishikilia kwamba vitu hutoa sura zao, nazo zikaruka hewani mpaka machoni. Kila upande ulikuwa na wasomi wake na vitabu vyake, na mabishano yakaendelea kwa karne nyingi, kwa sababu maneno peke yake hayawezi kuamua shauri la namna hiyo.

Aliyeupeleka ubishi huo kwenye mizani ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, Iraki, karibu na mwaka 965, akaishi na kufanya kazi Misri, na kufariki karibu na mwaka 1040. Mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, juu ya nuru na kuona. Alianza na jambo analolijua kila mtu: ukilitazama jua, macho huuma, na ukiyafumba baada ya kutazama kitu king'aacho sana, alama yake hubaki machoni kwa kitambo. Ikiwa jicho laumizwa na nuru, basi nuru ndiyo ijayo kwenye jicho, wala si jicho liendalo kwenye nuru.

Lakini hakutosheka na hoja. Alipanga taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu moja dogo lililoelekea chumba chenye giza. Ukutani mwa chumba yakatokea madoa ya mwangaza, idadi yake sawa na idadi ya taa. Alipoikinga taa moja, doa moja likatoweka, nayo mengine yakabaki kama yalivyokuwa. Alipoifunua taa, doa likarudi mahali pake. Tena kila doa lilikuwa katika mstari mnyofu pamoja na tundu na taa yake: taa ya kulia iliangaza kushoto, na taa ya kushoto iliangaza kulia. Kwa jaribio hilo moja alithibitisha mambo mawili: kwamba nuru huenda kwa mstari mnyofu, na kwamba nuru za taa mbalimbali hupishana katika tundu lile lile bila ya kuchanganyika wala kuharibiana.

Mwalimu asomaye habari hii na asimame kidogo. Jaribio hilo, ambalo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya nuru duniani, lahitaji vibatari vitatu, boksi la karatasi na msumari. Hakuna shule isiyoweza kulifanya.

Ibn al-Haytham aliandika pia makala maalumu juu ya umbo la nuru ya jua lililopatwa. Aliuliza kwa nini nuru ya jua hilo, ikipita katika tundu dogo, huanguka kwa umbo la hilali, lakini ikipita katika tundu pana huanguka kwa umbo la tundu. Jawabu lake, kwa maneno mepesi, ni hili: kila nukta ya jua hupeleka nuru yake kupitia tunduni na kuchora doa dogo lenye umbo la tundu. Nukta za jua ni nyingi mno, kwa hiyo madoa ni mengi mno, nayo hujipanga kwa umbo la jua lenyewe, likiwa limepinduliwa juu chini. Tundu likiwa dogo, madoa ni madogo, na umbo la jua huonekana wazi. Tundu likiwa pana, kila doa ni pana, nayo hufunikana mpaka umbo la jua likapotea.

Basi duara lile dogo tulilokuwa tukilikinga kwa viganja halikuwa sura ya tundu la msumari. Lilikuwa sura ya jua, kila siku, nasi hatukujua. Na swali nililoambiwa kuwa halimo katika somo lilikuwa limekwisha kuandikiwa makala nzima karibu miaka elfu moja kabla sijazaliwa.

Tone la mvua na mche wa kioo

Kitabu cha Ibn al-Haytham kilitafsiriwa katika Kilatini, kikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Lakini Mashariki nako kazi haikukoma. Kamal al-Din al-Farisi, msomi wa Uajemi aliyefariki karibu na mwaka 1319, alitaka kujua upinde wa mvua watoka wapi. Tone la mvua ni dogo mno, tena laanguka; haliwezi kushikwa na kuchunguzwa. Akatengeneza tone kubwa: chupa ya kioo ya mviringo, akaijaza maji, akaiweka katika chumba chenye giza na kuipitishia nuru ya jua. Aliona kwamba mwali hupinda unapoingia majini, huakisiwa ndani upande wa nyuma, kisha hupinda tena unapotoka. Na kwamba upinde wa pili, ule hafifu ulio juu ya wa kwanza, hutokana na mwali ulioakisiwa mara mbili. Karibu na wakati huo huo, huko Ujerumani, mtawa Theodoric wa Freiberg alifikia maelezo kama hayo kwa chupa ya maji vilevile. Hapana dalili kwamba mmoja alijua habari za mwenziwe. Chupa ya maji ilisema neno moja kwa Kiajemi na kwa Kijerumani.

Mwaka 1666, kama alivyoeleza mwenyewe katika waraka wa mwaka 1672, Isaac Newton wa Uingereza alipata mche wa kioo wenye pembe tatu. Akatia giza chumba chake, akatoboa tundu katika ubao wa dirisha, na kuupitisha mwali wa jua katika mche. Ukutani zikatandazwa rangi za upinde wa mvua. Wengi waliomtangulia walikwisha kuziona rangi hizo, wakadhani kwamba kioo ndicho kinachoichafua nuru nyeupe na kuitia rangi. Newton alitenga rangi moja tu, akaipitisha katika mche wa pili. Ikiwa kioo ndicho kitiacho rangi, mche wa pili ungeongeza rangi nyingine. Lakini nyekundu ilitoka nyekundu, na buluu ilitoka buluu. Kisha akazikusanya rangi zote pamoja, zikawa nyeupe tena. Ikajulikana kwamba weupe wa jua ni mkusanyiko, na kwamba mche wa kioo hupambanua tu kilichokuwamo tangu mwanzo.

Tuangalie jinsi chumba chenye giza na tundu ukutani vinavyorudi katika kila habari: Misri, Uajemi, Uingereza. Waliobadilika ni watu na maswali yao.

Mtumishi wa Serikali wa Calcutta

Huenda mwanafunzi akasema kwamba mambo hayo yalikuwa ya zamani, wakati maarifa yalipokuwa bado machache, na kwamba leo ugunduzi ni kazi ya mataifa yenye mitambo mikubwa. Mfano wa Chandrasekhara Venkata Raman watosha kumjibu.

Raman alizaliwa kusini mwa Bara Hindi mwaka 1888, nchi yake ikiwa chini ya Waingereza. Mwaka 1907 aliajiriwa katika idara ya fedha ya serikali, akapelekwa Calcutta. Kwa miaka kumi alifanya kazi ya hesabu ofisini mchana, na nje ya saa za kazi akafanya uchunguzi katika maabara ya chama cha kuendeleza sayansi cha Wahindi wenyewe, mpaka alipoacha utumishi huo mwaka 1917 na kuwa profesa. Mwaka 1921, akirudi kutoka Ulaya kwa meli, alistaajabia ubuluu wa bahari. Wakati ule maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba bahari huakisi tu rangi ya mbingu. Raman alitoa kifaa kidogo cha mfukoni kinachozuia nuru iliyoakisiwa, akatazama maji, ubuluu ukabaki. Kumbe maji yenyewe huitawanya nuru.

Swali hilo hakuliacha melini. Alipofika nyumbani yeye na wanafunzi wake waliendelea kuchunguza jinsi vimiminika vinavyotawanya nuru, na tarehe 28 Februari 1928, pamoja na K. S. Krishnan, alithibitisha kwamba sehemu ndogo ya nuru iliyotawanywa hubadilika rangi, kwa namna inayotegemea molekuli za kitu chenyewe. Vyombo vyake havikuwa vya fahari: nuru ya jua, vichujio vya rangi, chupa za vimiminika na kifaa cha kupambanulia rangi. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Tangu mwaka 1987 India huiadhimisha tarehe 28 Februari kuwa Siku ya Taifa ya Sayansi.

Neno hilo la mwisho latuhusu. Mataifa huadhimisha vita yalivyoshinda, na mashujaa waliokufa, ni haki. Lakini taifa lililotoka katika kutawaliwa liliona pia kwamba siku mtu wake alipotazama chupa ya kimiminika na kuona kilichokuwa hakijaonwa na wengine ni siku ya taifa. Sayansi hapo ni sehemu ya utamaduni, kama ngoma na ushairi.

Mkebe, sarafu na bakuli

Wazo la kuwafundisha vijana kwa majaribio ya vitu vya kawaida nalo lina historia yake. Mwaka 1825 Taasisi ya Kifalme ya London ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana, ambayo Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla ya kuwa mwanasayansi, aliitoa mara nyingi. Mihadhara yake mashuhuri kuliko yote ilihusu mshumaa mmoja tu na jinsi unavyowaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, shule nyingi duniani zikiwa magofu, palitolewa mwaka 1948 kijitabu cha mashauri kwa walimu wa sayansi wa nchi zilizoharibiwa, kikieleza namna ya kutengeneza vyombo kwa vitu vilivyo karibu. Kutokana na kijitabu hicho UNESCO ilitoa mwaka 1956 kitabu kikubwa cha majaribio kwa walimu, kikaenea ulimwenguni kote na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Katika Afrika, kuanzia mwaka 1965, mpango wa sayansi kwa shule za msingi uliwakusanya walimu wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, waandike vijitabu vya majaribio kwa kutumia mchanga, mbegu, wadudu na mabati. Kimoja kati ya vijitabu hivyo kilifundisha namna ya kutengeneza kioo cha kukuzia. Tone la maji katika kitanzi cha waya latosha kukuza herufi za gazeti.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunapoutaja waraka huo hukumbuka jembe na shamba la shule, na kusahau kwamba ulilaumu pia mazoea ya kudhani kwamba elimu yote imo vitabuni, na kwamba ulitaka kila mwananchi apate akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kupima lipi limfae, na imani katika nafsi yake. Mtoto atobowaye mkebe ili aone kwa macho yake ajitegemea kwa namna iliyo ya ndani zaidi kuliko kulima.

Na tuseme basi mkebe huo wafanya nini. Utoboe chini kwa msumari mwembamba. Mdomoni uufunike kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, kisha ujifunike kitambaa kichwani pamoja na upande huo wa mkebe, na tundu ulielekeze kwenye mti uliomulikwa na jua. Mti utaonekana katika karatasi, mdogo, wenye rangi zake, matawi chini na shina juu. Au tia sarafu katika bakuli, urudi nyuma mpaka ukingo wa bakuli uifiche, kisha mwenzako amimine maji polepole: sarafu itajitokeza bila kusogezwa. Au jaza maji kinywani, lipe jua mgongo wakati wa jioni, uyapulize hewani: upinde wa mvua utakuwa mbele yako. Watoto wetu hufanya mchezo huu tangu zamani. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuuliza: kwa nini lazima ulipe jua mgongo?

Maarifa yaliyokuwapo kwetu

Isidhaniwe kwamba mafunzo ya nuru ni mgeni asiye na jamaa katika nchi hizi. Mvuvi apigaye samaki kwa mkuki katika maji ya mwambani hulenga chini ya mahali anapomwona samaki, kwa kuwa uzoefu umemfunza kwamba maji hudanganya macho. Hiyo ndiyo sarafu ya bakulini. Waadhini wa pwani, kabla ya kuenea kwa saa, walijua nyakati kwa vivuli. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao wetu, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, bila kuhesabu kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Mwenye kuutafuta wakati huo alisimamisha kijiti, akapima, akatoa, akaamua: ndivyo jaribio lilivyo. Na Dar es Salaam, mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini, na kijiti kilichosimama wima hukosa kivuli. Ni wanafunzi wangapi wa jiji hilo waliowahi kutoka nje kuishuhudia siku hiyo?

Lugha yetu nayo imejiandaa. Tuna nuru, mwanga, mwangaza, mwali, kivuli, giza na mng'ao, kila neno na mahali pake. Neno darubini tulilipokea kutoka Kiajemi, ambamo maana yake ni chombo cha kuonea mbali, nalo limekuwa letu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo katika shule zetu za sekondari somo la nuru limefundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyezoea kuuliza kwa Kiswahili hukaa kimya. Mwalimu mwenye busara hatalisubiri shauri la lugha limalizike. Ataliweka tundu mbele ya wanafunzi, kwa kuwa doa la mwangaza halina Kiingereza wala Kiswahili, na mwanafunzi aliyeona kitu kwa macho yake hutafuta maneno ya kukisemea.

Swali lililochekwa

Yupo Mtanzania ambaye habari yake yapasa kujulikana kwa kila mwanafunzi, ingawa ni habari ya joto wala si ya nuru. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe. Walizoea kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyatia yake yakali moto bado. Nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi walicheka. Osborne hakucheka; alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lile lijaribiwe. Mwaka 1969 wakatoa makala kwa majina yao mawili, na hata leo wanasayansi wa dunia waendelea kubishana juu ya lile liitwalo athari ya Mpemba, wengine wakilithibitisha na wengine wakilitilia shaka.

Hatuhitaji kuamua ubishi huo ili tupate mafunzo yake. Palikuwa na mtoto mwenye swali alilolipata kwa mikono yake, na palikuwa na watu wazima wa namna mbili: aliyelipima swali kwa kitabu, akalikataa, na aliyelipima kwa maji na jokofu. Mizani ya pili ndiyo ya Ibn al-Haytham.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule zisizo na maabara walifanya karatasi ya mtihani iliyochukua nafasi ya majaribio yenyewe: walichorewa kioo, pini na miali, wakasoma vipimo katika picha. Kuanzia mwaka 2012 Serikali iliagiza shule za sekondari za kata zijengewe maabara za fizikia, kemia na biolojia, na wananchi wakachanga fedha na nguvu zao. Ni jitihada ya kusifiwa. Lakini jengo si maabara mpaka aingie mtu mwenye swali. Chumba chenye meza na kufuli, kinachofunguliwa wakati wa mtihani tu, ni nyumba yenye giza isiyo na tundu.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa tena juu ya nchi yetu. Safari hii mwezi ulikuwa mbali, haukuweza kulifunika lote, ikabaki pete ya moto kuuzunguka; na Rujewa, wilayani Mbarali, ilikuwa miongoni mwa mahali palipoonekana vizuri, watu wakakusanyika huko kutazama kwa miwani maalumu. Asiyekuwa na miwani hakuwa na sababu ya kukosa. Aliyesimama chini ya mwembe siku ile, akalipa jua mgongo na kutazama ardhi, angeweza kuona mamia ya maumbo ya jua lililopatwa yametapakaa mavumbini, kwa kuwa kila mwanya kati ya majani ni tundu.

Basi mwalimu, somo la nuru likifika, usianze na ubao. Funga madirisha, toboa karatasi, waache wanafunzi watazame ukuta, na usiwaambie wanaona nini. Nawe mwanafunzi, usilione haya swali lako hata kama halimo katika somo la wiki hii. Liandike, ulitunze, utafute kitu cha kulipimia. Nililokuwa nalo mimi lilisubiri miaka mingi juu ya sakafu ya udongo, na jawabu lake lilikuwamo katika daftari langu mwenyewe.